Shajara ya kroshia: blanketi, foronya, kofia na sweta kabla baridi haijakolea

Vitu ni vinne: blanketi la kutupia kwenye kochi, foronya ya mto, kofia ya sufu na sweta ya mbele wazi. Ninaandika kila hatua inapokwisha ili anayetaka kufuma vilevile ajue uzi ulikwenda wapi na kipi kilifumuliwa. Gharama nimeziweka kwa gramu, kwa sababu bei hupanda na kushuka lakini gramu mia ni gramu mia. Mizani ya jikoni inatosha.

Tuelewane kuhusu vishono. Kishono kifupi: chomeka kroshia (sindano yenye ndoana), vuta uzi, pitisha kwenye vitanzi viwili, basi. Kishono cha nusu: zungusha uzi kwanza kwenye kroshia, chomeka, vuta, kisha pitisha kwenye vitanzi vitatu kwa mkupuo mmoja. Kishono kirefu huanza kama cha nusu, ila vitanzi hupitishwa viwili viwili. Kwenye chati za alama, msalaba mdogo ni kifupi, T tupu ni nusu, T yenye mkato mmoja shingoni ni kirefu, na kiduara cha umbo la yai ni cheni, yaani kitanzi kimoja kilichovutwa ndani ya kingine. Mwenye mashaka na maelezo ya maneno afuate chati, maana maelezo ya Marekani na ya Uingereza hutumia jina moja kwa vishono viwili tofauti, na sweta nzima inaweza kutoka na kimo kisicho chake.

23 Agosti: uzi na vipande vya kupimia

Vya nyumbani vitafumwa kwa akriliki, vya kuvaliwa kwa sufu. Blanketi la kochi hufuliwa mara kwa mara, humwagikiwa, watoto hulifanya hema. Akriliki inavumilia yote hayo. Sufu nimechukua ile iliyotengenezwa ili iweze kufuliwa kwa mashine bila kusinyaa na kugandamana. Nyuzi zote ni za unene namba 4, ule wa kati, ambao lebo nyingi huuandikia kroshia ya milimita 5.5 hadi 6.5. Mimi hufuma kwa mkono uliolegea, kwa hiyo nimeshuka hadi 5.5 kwa blanketi na 5 kwa kofia.

Pamba nayo niliijaribu kwa ajili ya sweta. Rangi zake zinapendeza kuliko za nyuzi nyingine zote, na kuishika ni raha. Nilifuma kipande cha sentimita 15 kwa 15, nikakilowesha, nikakining'iniza kwa vibanio viwili. Kilipokauka kilikuwa na urefu wa sentimita 16.5. Peleka hesabu hiyo kwenye sweta ya sentimita 60 na unapata sentimita 6 ambazo hukuziomba, magotini kabisa kwa mtu mfupi baada ya misimu miwili. Pamba ni nzito na haina mnyumbuko wa kujirudisha. Imeondolewa kwenye orodha.

Kipande cha kupimia kiwe na sentimita 15 kila upande, na kinachopimwa ni sentimita 10 za katikati. Pembeni vishono huwa vimevutwa na cheni za kugeuzia (zile za kuanzia mstari mpya), havisemi kweli. Akriliki haikubadilika baada ya kufuliwa. Sufu ya sweta nimeihesabu baada ya kufua. Ya kofia niliihesabu ikiwa kavu tu, kwa kuwa kofia ni kitu kidogo. Matokeo yake yako kwenye tarehe 6 Oktoba.

30 Agosti: blanketi, mistari ya kwanza

Mtindo ni mafungu ya vishono virefu vitatu vitatu, kila fungu likikaa kwenye nafasi iliyo kati ya mafungu mawili ya chini. Fungu moja lina upana wa sentimita 2.3, kwa hiyo mafungu 57 yanatoa sentimita 131. Msingi ni mstari mmoja wa vishono vifupi 171. Mstari mmoja una mafungu 57 na kishono kimoja cha ukingo kila upande. Unaofuata una mafungu 56 na vishono viwili viwili pembeni. Hivyo hivyo mpaka mwisho.

Cheni ya msingi ndiyo iliyosumbua. Ilifumwa kwa kroshia ile ile ya 5.5, na mistari sita baadaye chini pakawa pamebana huku juu pamefunguka, kipande kizima kikachukua umbo la trapeza. Kuvuta kwa mkono hakukusaidia, maana cheni ikishakazwa haina pa kwenda. Nilifumua yote, nikaanza cheni kwa kroshia ya 6.5, kisha nikarudi 5.5 kuanzia mstari wa vishono vifupi. Safari hii ukingo wa chini umelala.

Kila mstari unakula takriban gramu 8. Bonge la gramu 100 linatoa mistari 12 na kubakiza kipande cha kuunganishia. Nimelenga urefu wa sentimita 165, na mstari mmoja una kimo cha sentimita 1.25, ndiyo kusema mistari 132 na gramu 1,056 kabla ya pindo. Hesabu hii ifanyike mapema. Inaokoa ile hali ya kuishiwa uzi ukiwa umebakiza kiganja.

8 Septemba: blanketi linapanuka

Kwenye mstari wa 48 upana ulikuwa sentimita 137. Nilihesabu mafungu: 57, hakuna lililozidi. Mara nyingi kitambaa cha kroshia kikipanuka au kusinyaa sababu huwa kingo, mtu ameruka kishono cha mwisho au amefuma mara mbili kwenye cheni ya kugeuzia. Hapa kingo zilikuwa safi. Kilicholegea ni mkono. Mistari ya mwanzo ilifumwa mezani, mgongo umenyooka. Iliyofuata ikafumwa kwenye kochi, blanketi likiwa mapajani, na uzi ukawa unateleza kidoleni bila kushikwa.

Kuna wanaosema endelea tu, pindo litasawazisha. Pindo halisawazishi sentimita 6. Nilifumua hadi mstari wa 30, mistari 18 kwa jumla, yaani gramu 144 zikarudi kwenye bonge. Uzi uliofumuliwa huwa umejikunja-kunja na ukiufuma hivyo hivyo vishono hutoka na ukubwa usiolingana. Uzungushie mgongo wa kiti, ufunge sehemu nne kwa vipande vya uzi mwingine, uloweshe maji ya uvuguvugu, uuning'inize ukauke. Akriliki hainyooki kikamilifu kama sufu, lakini inanyooka kiasi cha kutosha.

Tangu hapo jioni natumia kroshia ya 5 na mchana 5.5, na ninapima upana kila baada ya mistari 10. Tofauti haizidi sentimita moja. Nimemwona mfumaji mwingine akiuzungusha uzi mara mbili kwenye kidole cha shahada badala ya kubadilisha kroshia, naye anapata matokeo yale yale. Ni suala la mkono wa mtu.

Jambo la pili ni rangi. Mabonge tisa ya kwanza yalikuwa ya bechi moja, yaani yalitiwa rangi kwa pamoja, matatu ya mwisho ya bechi nyingine. Jina la rangi lilikuwa lile lile kwenye lebo, namba ya bechi ndiyo iliyotofautiana. Chini ya taa huoni kitu. Asubuhi, dirishani, mstari wa mpaka ulionekana kana kwamba umepigwa rula. Dawa yake ni kuchanganya: mistari miwili ya bechi ya zamani, miwili ya bechi mpya, kwa mistari 12, kisha unahamia mpya moja kwa moja. Iwe miwili miwili na si mmoja mmoja, ili uzi unaosubiri uwe upande ule ule unapourudia, usilazimike kuukata. Uzi unaopanda pembeni utafichwa na pindo.

20 Septemba: foronya

Mto una sentimita 45 kwa 45, foronya nimeifuma 43 ili mto uijaze na pembe zisilale. Mbele kuna mtindo wa mkeka: vishono virefu vinne vinavyozungushwa kwenye shina la kishono cha chini kwa mbele, vinne kwa nyuma, na baada ya mistari minne vinabadilishana. Unatoa umbo lenye mabonde na vilima, mzito, wa kuvutia mkono. Pia unakula uzi kwa fujo. Pande mbili zimechukua gramu 330, kwa eneo ambalo mafungu ya blanketi yangelimaliza kwa karibu nusu ya hapo.

Upande wa kwanza uliharibiwa na pasi. Kingo zilikuwa zinajikunja, pasi ya mvuke ikawekwa juu ya kitambaa chembamba na kukandamizwa kidogo tu. Vilima vyote vililala. Akriliki ni plastiki: ikipata joto la mvuke nyuzi zake hulegea na hubaki zimelegea, kufua hakurudishi kitu. Kipande kikawa laini, chenye kuning'inia vizuri kama kingekuwa shali, na kikapanuka kutoka 43 hadi 46.

Sikukitupa. Kimekuwa upande wa nyuma, ambao hauonekani na ambako ulaini unafaa zaidi. Ili kirudi kwenye saizi, nilikizungushia vishono vifupi nikiruka kimoja katika kila kumi na tano, kingo zikajivuta hadi 43. Upande mpya wa mbele haukuguswa na pasi: uliloweshwa, ukatandazwa kwenye taulo, ukabanwa kwa pini zisizoshika kutu, ukaachwa ukauke wenyewe. Mwenye haraka anaweza kuupulizia mvuke kutoka juu bila chuma kugusa, pumzi fupi fupi, lakini kwa mitindo yenye vilima mimi sithubutu tena.

Pande mbili zimeunganishwa kwa vishono vifupi kutoka nje, zikitazamana migongo. Upande mmoja umeachwa wazi na kutiwa vifungo vitatu. Zipu ingekaa vizuri zaidi, ila kushonea zipu kwenye kitambaa kinachonyumbuka kunahitaji uvumilivu ambao msimu huu sinao.

27 Septemba: pindo la blanketi

Kuzunguka juu na chini ni rahisi, kishono juu ya kishono. Taabu iko ubavuni, ambako unachomeka kwenye miisho ya mistari. Kanuni inayorudiwa kila mahali ni vishono vifupi viwili kwa kila mstari wa vishono virefu. Nikaifuata, na ubavu ukaanza kupiga mawimbi kabla sijafika katikati.

Hesabu inaonyesha kwa nini. Mistari 132 mara mbili ni vishono 264. Kwa mkono wangu vishono vifupi 14 vinachukua sentimita 10, na ubavu una sentimita 165, yaani unahitaji vishono 231. Vilivyozidi ni 33, na vinatafuta pa kukaa. Ukigawanya 231 kwa 132 unapata 1.75: vishono saba kwa kila mistari minne. Mbili, mbili, mbili, moja. Mbili, mbili, mbili, moja. Pindo limelala chini bila kubembelezwa. Mawimbi maana yake vishono vimezidi, kuvutika kwa ndani maana yake vimepungua, na kufua hakutibu lolote kati ya hayo.

Mizunguko mitatu ya vishono vifupi imekula gramu 94. Jumla ya blanketi gramu 1,150. Mikia ya uzi imeachwa sentimita 15 kila mmoja na kufichwa kwa sindano butu katika pande tatu: kushoto, kulia, kushoto tena. Mkia uliofichwa upande mmoja tu hutoka kwenye fuo la tatu au la nne.

6 Oktoba: kofia

Kofia inaanzia utosini. Kwa vishono vya nusu, mduara uliolala huanza na vishono 8 na kuongezeka 8 kila mzunguko: 16, 24, 32, na kuendelea. Viongezo vikipangwa juu ya vingine mduara hupata pembe. Visogeze kidogo kila mzunguko wa pili na utakuwa duara. Kichwa kina sentimita 56, kofia inapaswa kuwa pungufu kwa sentimita 4 ili ishike, yaani 52. Kipande kikavu kilitoa vishono 14 kwa sentimita 10, hesabu ikaja 72.8, nikasimama kwenye 72 kwa kuwa ni zao la 8. Baada ya hapo hakuna kuongeza, unashuka moja kwa moja.

Ilipokauka baada ya fuo la kwanza ilikuwa na mzunguko wa sentimita 55 na nusu. Nyusi zilifunikwa. Vishono 13 kwa sentimita 10, si 14, na kishono kimoja kinatosha kuleta balaa hilo.

Sufu inayostahimili mashine imelainishwa au kufunikwa magamba yake, yale yanayofanya sufu ya kawaida ing'ang'aniane na kusinyaa ikipata maji ya moto na msuguano. Faida ni kwamba haigandamani. Hasara ni kwamba nyuzi hazishikani, zikilowa huteleza na kitambaa hukua. Kwa hiyo aina hii ya sufu, kuliko nyingine yoyote, lazima kipande chake kifuliwe kabla ya kuhesabiwa, hata kama unafuma soksi ya mtoto mchanga.

Nilifumua hadi mzunguko wenye vishono 64, nikaongeza vinne tu badala ya vinane, nikapata 68. Vishono 68 kwa kipimo cha 13 ni sentimita 52.3. Kofia kabla ya kufuliwa ilionekana ya mtoto. Baada ya kufuliwa imekaa sawasawa. Usishangae na usifumue ikiwa bado kavu.

Ukanda wa chini umefumwa peke yake kwa upana, vishono vifupi 10 kwa mstari, kroshia ikichomekwa kwenye uzi wa nyuma wa kishono tu. Mtindo huo unatoa mifereji inayonyumbuka. Urefu wa ukanda ni sentimita 48 bila kuvutwa, kisha unaunganishwa na kofia ukiwa umevutwa kidogo. Gramu 85 kwa yote.

18 Oktoba: sweta, pembesita ambazo hazilali

Sweta hii ni pembesita mbili. Kila moja inakunjwa ikawa umbo la L: mguu mmoja wa L ni nusu ya kiwiliwili, mguu mwingine ni mkono. Unaziunganisha mgongoni na mabegani, kwisha. Inavutia kwa sababu hakuna kukata wala kupunguza vishono kwapani.

Pembesita ya kwanza ilifumwa nzuri mno. Kona zake zilikuwa vishono viwili, cheni moja, viwili tena, na ilitandazika mezani bila mkunjo hata mmoja. Ilipofika mizunguko 12 nikajaribu kuikunja na haikutoa L. Ilitoa kitu chenye ncha, mkono ukielekea chini na bega likiwa halipo.

Hapo ndipo jiometri inaposema. Pembesita inayolala ina kona za nyuzi (digrii) 120. L ina kona za mraba, nyuzi 90. Ili pembesita ikunjike kuwa L mbili zilizolaliana, mbele na nyuma, kila kona kati ya zile sita lazima iwe ya mraba kamili, na vipande sita vya nyuzi 90 kuzunguka kitovu ni nyuzi 540. Meza ina 360 tu. Kwa hiyo pembesita sahihi haiwezi kulala. Lazima ijae, ipige mawimbi, ikatae kutandazwa. Mawimbi ambayo kwenye pindo yalikuwa kasoro, hapa ndiyo dalili kwamba uko njiani.

Nilifumua, nikafuma upya kwa kona za mraba: vishono virefu vitatu, cheni mbili, vitatu. Kati ya kona, mafungu ya vitatu kama kwenye blanketi. Mizunguko mitano ya kwanza inatia wasiwasi, inafanana na ua lililonyauka. Ikunje kwa mkono wakati huo huo: ikitoa L ndogo yenye kona safi, endelea.

Vipimo vyake ni rahisi ukishajua kitovu kinakwenda wapi. Kitovu cha pembesita kinaangukia kwapani. Umbali kutoka kitovu hadi katikati ya ubavu wowote ni robo ya mzunguko wa kifua cha sweta. Nilitaka kifua cha sentimita 104, robo yake 26. Mzunguko mmoja una kimo cha sentimita 1.3 (kipande kilichofuliwa), kwa hiyo mizunguko 20. Kutokana na namba hiyo moja mengine yote yanajipanga: ubavu wa pembesita ni 52, urefu kutoka bega hadi chini ni 52, mkono una mzunguko wa 52, na kutoka katikati ya mgongo hadi mwisho wa mkono ni 52 pia. Asiyeridhika na mojawapo asiguse pembesita, aongeze baadaye. Kwangu urefu ulihitaji 8 zaidi na mkono 22 zaidi.

Pembesita moja imechukua gramu 190, ya pili vilevile. Nilipima ya kwanza kabla ya kuanza ya pili, na ya pili nikaipima nilipomaliza. Zikitofautiana kwa zaidi ya gramu 10, mkono umebadilika na upande mmoja wa sweta utakuwa mkubwa.

2 Novemba: mikono na kuunganisha

Mkono wenye mzunguko wa sentimita 52 ni mpana kupita kiasi kwa mtu anayeosha vyombo. Jaribio la kwanza lilikuwa kupunguza fungu moja chini ya mkono kila mzunguko wa tatu. Kila penye punguzo palibaki ngazi, kwa sababu mafungu yana nafasi kubwa kati yake na nafasi haipungui nusu. Nimefumua na kuuacha mkono unyooke, mafungu 22 hadi chini, kisha mzunguko mmoja wa vishono vifupi 66, na unaofuata kila viwili vikafumwa pamoja vikabaki 33. Juu ya hivyo 33 ukaja ukanda wa mifereji kama wa kofia, sentimita 7. Mkono umejaa juu na kubana kifundoni. Si kila mtu anaupenda, mimi naupenda.

Mgongo umeunganishwa kwa mshono wa sindano, ubapa, usioonekana. Mabegani sikutumia huo. Bega linabeba sweta nzima, na mafungu yenye matundu hayana uti. Hapo nimetumia vishono vifupi vya kubana, upande wa ndani, kuanzia mwisho wa mkono hadi sentimita 9 kabla ya katikati, kila upande. Hizo sentimita 9 mara mbili ndizo shingo.

Hata hivyo, sweta iliyoning'inizwa usiku mmoja kwenye hanga ilirefuka sentimita 3 mbele, na shingo ikafunguka. Nimepitisha mstari wa vishono vya kuunganishia, vile visivyo na kimo, kutoka bega moja, kuzunguka nyuma ya shingo, hadi bega la pili, upande wa ndani na kwa kroshia ya 4. Hauonekani na haunyumbuki, ndiyo kazi yake. Baada ya fuo moja, ikakaushwa ikiwa imetandazwa, urefu umerudi 60. Hanga imestaafishwa, sweta hukunjwa.

Ukanda wa mbele umefuata hesabu ya blanketi, isipokuwa hapa unafuma kwenye ubavu wa pembesita wenye mafungu, kwa hiyo ni kishono juu ya kishono na cheni za kona zinahesabiwa kimoja. Mistari mitano ya vishono vifupi kila upande. Matundu ya vifungo: cheni mbili, ruka vishono viwili, kwenye mstari wa tatu. Anza kwa kushona vifungo upande wa pili kwanza, kisha pima matundu yakivifuata.

Sweta nzima gramu 590: pembesita 380, nyongeza za mikono na kanda zake 95, nyongeza ya chini 60, ukanda wa mbele na shingo 55.

9 Novemba: hesabu na mabaki

Blanketi 1,150, foronya 330, kofia 85, sweta 590. Jumla gramu 2,155. Akriliki ilikuwa mabonge 16, imebaki gramu 120. Sufu ilikuwa mabonge 8, imebaki 125. Vilivyofumuliwa havimo kwenye hesabu kwa sababu uzi wake wote ulirudi kazini.

Sufu na akriliki sizichanganyi kwenye kitu kimoja, moja hukua ikilowa na nyingine inabaki palepale. Akriliki iliyobaki imeanza kuwa miraba ya kona nne, ule mtindo wa mafungu ya vishono vitatu vitatu ambao jarida la Marekani la *Prairie Farmer* liliuchapisha mwaka 1885. Umedumu kwa sababu unapokea mabaki ya rangi yoyote kwa urefu wowote. Kwa gramu 120 nitapata vifuniko vya viti viwili, labda.

Sufu iliyobaki nimeihifadhi kwa ajili ya viraka. Kwapani sweta imeshaanza kutoa vinyweleo, na hapo ndipo penye kitovu cha pembesita, mahali penye tundu la duara la mwanzo linalovutwa kila mkono unapoinuliwa. Tundu la upande wa kulia limeshafunguka kiasi cha kupitisha kidole. Anayefuma sasa afunge mwanzo kwa duara la kuvuta, auzungushe mkia mara mbili ndani yake kabla ya kuuficha. Mimi nitalikaza kwa sindano kutoka ndani wikendi hii na kuandika hapa kama limeshika.